Kabla ya Kunukuu Takwimu za Aktiki, Uliza Mpaka Umechorwa Wapi

Katika mwaka wangu wa kwanza wa masomo mjini Tromsø, kaskazini mwa Norwei, niliandika insha ambamo niligawanya watu milioni 4 wanaotajwa kuishi Aktiki, eneo linaloizunguka Ncha ya Kaskazini ya dunia, kwa kilomita za mraba milioni 21 hivi zilizomo ndani ya Duara la Aktiki, mstari wa latitudo unaoizunguka ncha hiyo. Mwalimu aliirudisha akiwa amezizungushia wino tarakimu zote mbili, na pembeni ameandika: «Aktiki ipi?» Idadi ile ya watu ilifuata mipaka ya kiutawala inayoingiza Alaska yote na Aisilandi nzima, ilhali Anchorage ya Alaska na Reykjavik ya Aisilandi ziko kusini mwa duara. Nilikuwa nimewagawia watu wa eneo moja ardhi ya eneo jingine.

Ushauri wangu, basi, ni kwamba uanze na swali lako, ndipo uchague mpaka. Ikiwa unaandika kuhusu mwanga, duara linatosha, kwa sababu kaskazini yake jua hukesha bila kuzama angalau mara moja kwa mwaka. Liko karibu na latitudo ya nyuzi 66 na nusu kaskazini, nalo husogea kaskazini mita 14 hivi kila mwaka, kwa kuwa mwinamo wa mhimili wa dunia hubadilika polepole.

Ikiwa unaandika kuhusu mimea na wanyama, duara litakupotosha. Hapo hutumika mstari wa mahali ambapo wastani wa joto la Julai ni nyuzi 10 za Selsiasi, ambao hukaribiana na ukomo wa miti, yaani mahali ambapo miti huacha kuota kwa sababu ya baridi. Dirisha langu la Tromsø, karibu nyuzi 70 kaskazini, lilitazama miti ya betula iliyosheheni majani, kwani maji ya vuguvugu ya Atlantiki huipasha joto pwani ile. Nuuk, mji mkuu wa Grinlandi, uko nyuzi 64 tu na hauna msitu. Kwa kipimo hiki Nuuk imo Aktiki, Tromsø haimo, na nakiri kwamba ilinichukua muda kulikubali jambo hilo.

Sheria nayo ina mstari wake: ile ya Marekani ya 1984 kuhusu utafiti wa Aktiki inaingiza hata visiwa vya Aleutian, vilivyo kusini sana mwa duara.

Siku hizi daftarini mwangu huandika jina la mpaka kando ya kila tarakimu, na takwimu mbili sizijumlishi wala sizigawanyi kabla ya kuiona ramani ya kila moja.