Nikilia kwa maumivu, nimekosa subira?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Naugua lupasi, maradhi ambayo kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe. Asubuhi vidole vinakakamaa, hata kufunga kifungo cha nguo ni kazi. Jamaa zangu husema nitabasamu tu, eti kulalamika ni uchache wa imani. Siku nyingine nalia. Je, nimekosa subira? Na hii swala ya kukaa kwenye kiti, nina nusu ya thawabu tu?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Dada yangu, Allah akupe shifaa.

Kulia si dhambi. Nabii Yaakub (a.s.) alisema "subira njema", na ni yeye huyo aliyehuzunika mpaka macho yakawa meupe. Ayub (a.s.) alimlilia Mola wake kwamba dhara imempata, na bado Allah akasema: "Hakika tulimkuta ni mwenye subira." Bibi Aisha (r.a.) alipolalamika, "Ole kichwa changu!", Mtume (s.a.w.) alimjibu: "Bali mimi, ole kichwa changu!" Hakumwambia atabasamu. Sijui hao jamaa zako wameitoa wapi dini iliyo ngumu kuliko hiyo.

Kilichokatazwa ni kumlaumu Allah, kukata tamaa na rehema Yake, au kutamani mauti kwa sababu ya dhara. Na matumaini tunayoamrishwa ni kumdhania Allah mema. Hulazimiki kuamini kwamba kesho vidole vitakuwa vyepesi. Kesho vinaweza kuuma zaidi, na dhana yako kwa Mola ikabaki njema.

Ama swala, ile nusu iliyotajwa katika hadithi, wanazuoni wameieleza kuwa ni ya mtu anayeweza kusimama lakini akaamua kuswali sunna kwa kukaa. Wewe umo katika maneno ambayo Mtume (s.a.w.) alimwambia sahaba wake Imran bin Husayn, naye alikuwa na bawasiri: swali umesimama, usipoweza ukae, usipoweza ulale ubavu. Thawabu yako ni kamili. Na hata zile sunna ulizozizoea ukiwa mzima, ukazikosa kwa ugonjwa, unaandikiwa, kama ilivyo katika hadithi aliyoipokea sahaba Abu Musa. Kwenye kiti, inama kwa rukuu, na kwa sijda inama zaidi kidogo ikiwa huwezi kufika chini. Bomba likikushinda kufungua, mtu akumiminie maji ya udhu, kwani sahaba Mughira alimmiminia Mtume (s.a.w.) safarini.

Hukuuliza kuhusu Ramadhani, lakini itakuja. Daktari mwaminifu akisema funga itakudhuru, kula. Ukitarajia nafuu, utalipa baadaye. Ikiwa hakuna matarajio ya kuweza kufunga, lisha masikini mmoja kwa kila siku.

Dawa usiache kwa sababu viungo vimetulia, wala kwa sababu mtu kakwambia dua inatosha. Mtume (s.a.w.) ameamrisha tujitibu, na lupasi inaweza kula figo bila wewe kuhisi maumivu yoyote. Dua na kidonge vyote unavipokea kutoka kwa Mola mmoja.

Kilio kikiendelea wiki baada ya wiki, usingizi na hamu ya chakula vikipotea, mwambie daktari wako waziwazi. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, huwapata wengi wenye maradhi haya, nayo ina tiba yake. Na jamaa wakirudi na ushauri wao, waombe wakupikie au wakufulie siku vidole vinapokataa.

Wallahu a'alam.