Unasihi, dini na siasa darasani: yaliyonikuta

Mleta uzi, umeuliza kama mwanafunzi wa ushauri nasaha afiche dini na siasa zake darasani, na kama anaweza kumkataa mteja ambaye maisha yake yanagongana na imani yake. Nimeshapita huko, nakujibu kwa niliyoyaona.

Mimi si mtu wa ibada sana. Kwenye mazoezi tulikuwa tunapokezana, mmoja mnasihi (mtoa ushauri), mwingine mteja, huku tunarekodiwa. Mwenzangu, mcha Mungu kwelikweli, akaeleza jinsi ndoa inavyomchosha na kwamba kila usiku anaamka kusali. Nikamuuliza, "Sawa, na mbali na kusali, umechukua hatua gani?" Nilijiona nimeuliza swali la maana. Msimamizi akairudisha rekodi mara mbili. Baada ya swali lile mwenzangu alikunja mikono, na sala hakuitaja tena mpaka kikao kikaisha. Kumbe nilikuwa nimemwambia kwamba sala si hatua. Ningekaa na watu wa aina yangu tu, hakuna ambaye angelishtukia.

Siasa ilikuwa ngumu zaidi, na wala si wanafunzi walioianza. Asubuhi baada ya uchaguzi mwalimu aliingia akasema, "Najua leo sote tuna huzuni." Sote? Niliyekaa naye alikuwa amempigia kura mshindi. Aliniambia muhula ukikaribia kwisha, tena kwa kunong'ona. Kwa hiyo kabla hujafunguka, angalia nani ameshika alama zako. Huo si woga.

La kumkataa mteja lilifika mpaka mahakamani Marekani. Mwaka 2009 Julea Ward, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Eastern Michigan, aliomba mteja aliyewahi kuja kwa suala la uhusiano wa jinsia moja apewe mnasihi mwingine. Chuo kikamfukuza, akashtaki. Januari 2012 mahakama ya rufaa iliagiza kesi yake isikilizwe, na mwaka huohuo yeye na chuo wakamalizana kwa makubaliano. Kanuni za chama cha wanasihi cha huko za 2014 zikaweka wazi kwamba kugongana kwa imani peke yake si sababu ya kumhamisha mteja. Nakubaliana nazo, ingawa kutekeleza si mchezo.

Mimi mwenyewe niliwahi kumwendea msimamizi nikamwambia siasa za mteja fulani zinanikera. Hakumhamisha. Alinipa kazi: kila kikao kikiisha, niandike ni wapi niliacha kusikiliza. Siku ya kwanza nilijaza ukurasa mzima.