Maswali na Majibu: Gunia, Ndege na Funza

*Nina kibanda cha chipsi Kayole. Pale sokoni Marikiti wananishawishi ninunue lumbesa kwa kuwa waru (viazi) ndani yake ni nyingi zaidi. Je, ninamwonea mkulima?*

Unamwonea, ingawa hukuanza wewe. Lumbesa ni gunia lililovikwa kilemba cha wavu, na mkulima wa Kinangop au Molo analipwa kama kwamba kilemba hakipo. Kanuni za viazi za 2019 zilisema gunia lisizidi kilo 50. Kanuni ipo, mizani ndiyo adimu.

Utauliza, mbona mkulima anakubali? Mara nyingi amepanda Shangi, aina ya viazi ambayo wateja wako wanaipenda kwa sababu haichelewi kuiva. Ubaya wake ni kwamba inachipua upesi. Hawezi kuiweka ghalani akingoja bei ipande, na broka anajua hivyo. Simlaani broka, kwani ndiye anayekesha barabarani na lori na ujira wake ni halali. Ninachokipinga ni kile kilemba. Sisitiza kununua kwa kilo. Mkiwa wenye vibanda wanne au watano, changeni mkodi pikapu mwende mpaka Njabini wenyewe, na mbebe mizani yenu.

*Tuko wanane, tunataka kumtembelea mkulima Kinangop Jumamosi. Mkate na sukari vinatosha? – Baba Wawili, South B*

Bebeni, maana hatuendi kwa watu mikono mitupu. Lakini hiyo ni heshima tu, malipo ni jambo jingine. Elewaneni bei ya matembezi na chakula kabla ya kutoka nyumbani, kwa sababu siku anayowazungusha ninyi ni siku asiyopalilia. Kuku aagizwe mapema pia.

Mkifika, muulizeni kuhusu ndege mmoja wa rangi ya manjano kifuani ambaye Wazungu humwita Sharpe's longclaw. Haishi nchi nyingine yoyote ila Kenya, na hukaa kwenye nyasi za nyanda za juu kama hizo za Kinangop. Nyasi zikilimwa kupandwa waru, hana pa kwenda. Mwenye shamba akipata chochote kutoka kwa wageni wanaokuja kumtazama, ana sababu ya kuacha kipande cha malisho kwa kondoo wake na kwa ndege huyo. Kwa hiyo msione haya kulipa, wala msipige bei kama mko Gikomba. Vaeni gambuti na sweta nzito. Baridi ya kule haina utani.

*Funza wanatoboa mabua ya mahindi yangu huko Thika. Nimechoka kununua dawa.*

Panda desmodiamu, mmea wa malisho, katikati ya mistari ya mahindi, kisha zungusha nyasi za nepia pembeni mwa shamba. Nondo, mama wa funza hao, hukimbia harufu ya desmodiamu na kuvutiwa na nepia, wakataga huko, na funza wengi wanaoanguliwa humo hawafiki ukubwani. Desmodiamu hurutubisha udongo, na ng'ombe anakula yote mawili. Mbinu hii imeenezwa na icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoko Kasarani. Msimu wa kwanza utatoa jasho, maana desmodiamu ikiwa changa hulemewa na magugu.

*Sukuma ya supamaketi imeandikwa "oganiki". Niamini?*

Tafuta alama ya Kilimohai, inayotumika Afrika Mashariki tangu 2007. Usipoiona, muulize muuzaji imetoka shamba gani. Akibabaika, rudi kwa mama mboga wako.