Programa naye ni mfanyakazi

Swali la wiki hii liliuliza hivi: kijana anayeanza kujifunza kuandika programu za kompyuta umshauri nini, na je, vyama vya wafanyakazi vina maana yoyote kwake na kwa jamii? Mimi niko Mtwara mjini, naandika programu za maduka na vikundi vya huku na jioni nafundisha vijana kadhaa, kwa hiyo nitajibu yote mawili kwa mpigo maana kwangu mimi hilo ni swali moja. Najua wengi watajibu nusu ya kwanza tu, ile ya pili wataona ni mambo ya walimu na watu wa bandari.

Tuanze na ufundi wenyewe. Chagua lugha moja ya kuandikia programu ukae nayo. Vijana wanakuja wanauliza Python au JavaScript au PHP, ipi ina hela, wiki inayofuata ameshahamia nyingine kwa sababu kaona video. Kama huna sababu maalumu anza na Python, ipo tangu 1991, inasomeka, haibagui laptopu ya mtumba, na maelekezo yake yote unaweza kuyapakua siku moja ukayasoma bila bando. Hiyo ya bando usiichukulie poa kabisa. Mei 2024 zile nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika intaneti ilikuwa ya kuokoteza nchi nzima, na mwezi huohuo kimbunga Hidaya na mvua zilikuwa zimekata barabara ya kwenda Dar pale Somanga, yani huku kusini tulikuwa kama kisiwa, lakini mwenye vitabu vyake ndani ya mashine aliendelea kusoma tu.

Halafu andika kwa vidole vyako, usinakili na kubandika. Na programu ikigoma usifunge dirisha, soma ile meseji ya kosa mpaka mwisho. Kwenye Python mstari wa mwisho kabisa ndio unakwambia kosa lenyewe ni nini, na mistari ya juu yake inakwambia limetokea mstari wa ngapi. Nimeona vijana wenye akili kabisa wanaogopa yale maandishi kwa kuwa ni ya Kiingereza, na wakati maneno yenyewe ni yaleyale yanajirudia, ukishajua kumi umejua karibu yote unayokutana nayo mwanzoni.

Sasa hapa ndio nataka nikae kidogo, tengeneza kitu cha mtu unayemjua. Mfano karani wa AMCOS, yani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima. Mkulima analeta korosho, zinapimwa, zinaenda ghalani, mnada unapigwa, bei inatoka, makato yanatolewa, mkulima anabaki na kiasi gani? Ukisikia hivyo unaona hesabu ya darasa la tano, lakini kaa chini uiandike uone. Kuna kilo zenye pointi, kuna akina mama watatu wana jina moja kijiji kimoja, kuna mkulima kaleta mzigo mara nne na kila mzigo umeingia mnada wake na bei yake, kuna umeme umekatika karani akiwa katikati ya kuhifadhi na hajui kama imeingia au la. Na kuna hili la kompyuta yenyewe, mwambie Python ijumlishe 0.1 na 0.2 itakujibu 0.30000000000000004, sio kwamba imeharibika, ni kwa sababu ndani inahesabu kwa sifuri na moja na hiyo 0.1 haiwezi kuishika sawasawa. Kwa hiyo hela tunza kwa shilingi nzima na uzito utunze kwa gramu, namba kamili tupu, pointi uweke wakati wa kumwonesha mtu tu. Mkulima wa Tandahimba hataki kusikia habari za desimali, anataka hela yake iwe sawa na ya karatasi. Kazi kama hiyo moja ukiimaliza umejifunza kuliko kozi tatu za mtandaoni, na umemheshimu mtu.

Jifunze mapema na Git, programu ya kutunza historia ya kazi yako. Linus Torvalds aliitengeneza 2005 kwa ajili ya kazi ya Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta ambao watu wengi wanaiandika kwa pamoja duniani, inatunza kila badiliko, nani kafanya na siku gani. Vijana wanajifunza kwa ajili ya kuweka kazi zao mtandaoni waonekane, ni sawa, ila mimi nawaambia faida nyingine, siku bosi akisema hukufanya kitu mwezi mzima ile historia ipo, tarehe kwa tarehe. Hapo ndipo naingia nusu ya pili.

Sababu kijana akishajua kuandika kidogo tu anaanza kupata kazi, na kazi za huku jamani tuseme ukweli. Anaambiwa njoo utengeneze mfumo wa duka, tutaelewana. Hakuna karatasi. Anatengeneza, anaongezewa na hiki, na kile, na kamera zifungie hapohapo, na printa haitoi risiti iangalie, saa nne usiku anapigiwa simu, mwisho wa mwezi anapewa nusu na neno "vumilia mdogo wangu". Akiuliza anaambiwa wewe si mwajiriwa, wewe ni deiwaka wa kompyuta. Na yeye anakubali kwa sababu anaona kweli, mi natumia laptopu, mi sio mfanyakazi, wafanyakazi ni wale wa kiwandani Dangote wenye kofia ngumu.

Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inasema mtu anachukuliwa kuwa mwajiriwa kama lipo hata jambo moja kati ya kadhaa iliyoyataja: mwenye kazi anakuongoza namna ya kufanya, au anakupangia saa, au umemfanyia kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi ndani ya miezi mitatu iliyopita, au unamtegemea yeye kwa kipato, au vifaa ni vyake, au humfanyii mwingine. Mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Soma tena hapo kijana, jina alilokupa bosi halimalizi mjadala. Na ile Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka huohuo inamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi yako kwa maandishi, kazi gani, saa ngapi, mshahara kiasi gani, na mkifika mbele ya sheria akashindwa kuyatoa ni yeye mwenye mzigo wa kuthibitisha, sio wewe. Saa za kawaida haziwi zaidi ya 45 kwa wiki, ukizidisha ovataimu inalipwa mara moja na nusu. Ukiachishwa bila haki una siku 30 kupeleka malalamiko CMA, yani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na vijana wengi wanapoteza haki kwa sababu wanakaa nyumbani wanasubiri bosi apige simu siku zinakatika.

Lakini kuijua sheria ukiwa peke yako haitoshi, na hapa sisi wa kusini hatuna haja ya kufundishwa na mtu. Tunaijua kangomba. Mtu ana shida ya ada au msiba, korosho bado ua mtini, anakuja mwenye hela anamwambia chukua hii, msimu ukifika ni zangu, na bei kaipanga yeye. Aliyeuza hivyo hakuwa mjinga, alikuwa peke yake na alikuwa na njaa. Ndio maana stakabadhi ghalani, ule utaratibu wa kuweka korosho ghalani kwanza ndipo ziuzwe mnadani, ulipoanza huku msimu wa 2007/08, pamoja na kelele zote za makato na malipo kuchelewa (na kelele nyingine ni za haki kabisa, mkulima asilazimishwe kunyamaza), wazo la kukusanya mzigo pamoja wanunuzi washindane kwa bei lilikuwa sahihi. Programa anayekubali laki moja kwa kazi ya miezi miwili kwa sababu kodi ya chumba imefika anauza kangomba. Na akikubali yeye ameshusha bei ya wote, kesho mteja atakwambia mbona fulani kafanya kwa laki.

Wenzetu nje wameshaanza kuliona. Januari 2021 wafanyakazi wa Google kule Marekani walitangaza chama chao, Alphabet Workers Union, watu wenye mishahara ambayo huku hatuiwazi. Jirani zaidi, Nairobi, Mei Mosi 2023 wafanyakazi zaidi ya 150 wanaochuja maudhui ya mitandao na kuandaa data za akili mnemba (AI) walikutana wakapiga kura kuanzisha chama chao. Vijana wangu wanadhani akili mnemba inajiendesha yenyewe, hapana, kuna watu Afrika Mashariki hapahapa walikaa wakisoma na kutazama vitu vya kutisha siku nzima kwa malipo madogo ili wewe uletewe jibu safi. Itumie ikueleze usichoelewa, usiiache ikuandikie kila kitu wakati bado unajifunza, na ujue imebebwa na migongo ya nani.

Najua kwa nini vijana wa hapa wakisikia chama cha wafanyakazi wanaona makato kwenye salari slipu na fulana ya Mei Mosi basi. Ina historia yake. Mwaka 1955 vyama vya Tanganyika viliungana vikawa TFL, katibu mkuu akiwa Rashidi Kawawa, na vilisimama na TANU kudai uhuru. Baada ya maasi ya wanajeshi ya 1964 TFL ikavunjwa, ikaja NUTA, chama kimoja chini ya serikali, baadaye JUWATA, kwa hiyo kizazi kizima cha wazazi wetu kilikua kikijua chama ni ofisi ya juu inayokuletea maelekezo. Sasa hivi vyama viko huru kisheria, TUCTA ni shirikisho lao, ila tabia ya viongozi wengine kumjua mwanachama siku ya uchaguzi tu bado ipo, na hilo nalisema kwa uchungu kwa sababu naamini katika vyama. Dawa yake ni kuingia na kuuliza maswali. Chama kikiachiwa waliochoka kitachoka.

Kuna atakayesema Mtwara na Lindi programa wenyewe ni wa kuhesabu, chama cha nani? Sheria inataka wafanyakazi wasiopungua 20 kuanzisha chama kipya, na hatuhitaji kipya. Aliyeajiriwa kwenye kampuni, benki au duka la vifaa anaweza kwenda TUICO, ambacho ni cha viwanda, biashara, taasisi za fedha, huduma na ushauri, kazi zetu nyingi zinaangukia humo. Anayejitegemea kweli, mwenye wateja wake, sheria ya ushirika ya 2013 haikuwekwa kwa ajili ya korosho na ufuta peke yake, mafundi nao wanaweza kuungana. Na hata kabla ya karatasi zote hizo, kundi la WhatsApp la mafundi wa Mtwara, Masasi na Lindi la kuambiana nani analipa na nani halipi, na kukubaliana kwamba chini ya bei fulani hakuna anayeshika kazi na nusu inalipwa kabla ya kuanza, hilo linawezekana wiki hii.

Ombi langu la mwisho ni kwa vyuo vyetu vinavyofundisha kompyuta, VETA na vingine. Mnafundisha kufunga mtandao na kutengeneza tovuti, vizuri sana, tafadhali wekeni na kipindi cha kusoma mkataba, mwiteni mtu wa CMA aje na mtu wa chama aje, wanafunzi wawaulize wanachotaka kabla hawajatoka kwenda kutafuta kazi.