Injini ipi iingie kwenye Land Rover ya zamani?

SWALI: Habari fundi. Nina Land Rover Series III ya petroli, 109 (ile ndefu), ya mwaka 1976, niliyoachiwa na marehemu baba. Bodi bado ni nzuri lakini injini imechoka na inakunywa mafuta vibaya. Nataka gari la kazi ya shamba hapa Njoro, na pia la kubeba familia tukienda kwa wakwe Kisumu. Muuzaji wa mashine za kutoka Japani ananipa 1KD, injini ya dizeli ya Toyota Prado, pamoja na giaboksi yake ya otomatiki. Jirani ananiambia niweke 1HZ, dizeli ya Land Cruiser, eti hiyo haifi. Je, giaboksi yangu ya zamani itavumilia? Na sheria inaruhusu? – Msomaji, Njoro.

JIBU: Ndugu yangu, pole kwa kumpoteza mzee, na hongera kwa kutoliuza gari lake kwa kilo. Nitakujibu bila kuzunguka. Usinunue hiyo 1KD, na 1HZ pia siipendekezi kwa gari hili. Tafuta Tdi, yaani dizeli yenye turbo ya Land Rover yenyewe, ya lita 2.5, na ukibahatika upate 200Tdi.

Injini uliyo nayo ni ya cc 2286, ile tunayoiita 2.25. Nguvu yake ya msokoto, ambayo hupimwa kwa Nm, ni takriban Nm 163, na kila kilicho nyuma yake, yaani klachi, giaboksi, transfa (inayogawa nguvu mbele na nyuma), propela, difu na shafti za magurudumu, kilitengenezwa kwa kubeba mzigo wa kiasi hicho. 1KD ya Prado, kutegemea toleo, hufika Nm 410. Hiyo ni mara mbili na nusu. Muuzaji anakupa giaboksi yake, sawa, lakini mzigo hauishii kwenye giaboksi. Unapita hadi kwenye ekseli ya mbele na shafti zake nyembamba, na hapo ndipo kitu kitakatika, tena siku umezama kwenye tope la shamba ukiwa kwenye gia ya chini.

Kuna na upande wa umeme. 1KD ni mashine ya komoni reli: nozeli zinafunguliwa kwa amri ya kompyuta, pedeli ya mafuta ni sensa, na ufunguo wenyewe una chipu. Ukiletewa injini bila kompyuta yake, wayaringi yake nzima, pedeli yake na ufunguo wake, vyote kutoka gari lile lile moja, umenunua chuma cha kuwekwa kona ya gereji. Giaboksi ya otomatiki nayo inadhibitiwa kwa umeme. Nimeona miradi mingi ya namna hii ikifia kwenye wayaringi wakati injini imeshakaa vizuri kwenye mauntingi. Inawezekana, na wapo mafundi wanaoiweza, lakini gari hilo litahitaji ekseli za Land Cruiser, breki za Land Cruiser na mtu wa kompyuta anayepatikana karibu. Hilo si gari la kupeleka maziwa kila asubuhi.

Sasa 1HZ. Jirani hakukosea: ni silinda sita, lita 4.2, haina kompyuta, na ukiipa oili safi inaishi miaka. Shida ya kwanza ni urefu na uzito. Series III ya silinda nne haikuachiwa nafasi hiyo mbele, kwa hiyo utasogeza rejeta au utakata ukuta wa kabini, na uzito wote unaoongezeka unalala juu ya springi na breki za mbele. Shida ya pili wengi hawaifikirii, nayo ni mahali tunapoishi. 1HZ haina turbo, inavuta hewa kama ilivyo. Nakuru iko takriban mita 1850 juu ya usawa wa bahari, na Mau Summit, ambako utapita ukielekea Kericho na Kisumu, ni zaidi ya mita 2400. Pale juu hewa imepungua kwa karibu robo, na injini isiyo na turbo inapoteza nguvu kwa kadiri hiyo hiyo. Zile Nm 285 za kwenye vitabu zinashuka kuelekea 215. Tdi ina Nm 265 kwenye vitabu, lakini turbo yake inaisukumia hewa, hivyo inabaki na sehemu kubwa ya nguvu zake. Ukiyapima magari hayo mawili Mombasa, 1HZ itashinda. Kwenye mlima wa kutoka Molo, injini ndogo yenye turbo haiachwi nyuma, na inabeba uzito mdogo zaidi.

Kwa nini 200Tdi hasa? Ilitengenezwa kuanzia 1989 hadi 1994, na bloku yake ni ya ukoo mmoja na hiyo 2.25 yako. Inakubali giaboksi ya Series bila kutengenezewa sahani ya kuunganishia, kwa marekebisho madogo tu kwenye hausingi ya flaiwili. Ile ya Defender ndiyo inayoingia kwa urahisi. Ya Discovery ina turbo iliyokaa pabaya, inagusa chasisi, na itakubidi ubadilishe manifodi. Mafuta yake yanasukumwa na pampu ya kawaida ambayo mafundi wa pampu na nozeli wa Nakuru wanaijua vizuri. Giaboksi yako itaivumilia, kwa sharti moja: usiiongezee presha ya turbo na usiondoke kwa kurusha klachi. Ikiwa giaboksi ina kelele kwenye gia ya kwanza au inaruka gia, ifunguliwe na kubadilishwa beringi kabla injini mpya haijaingia. Kuishusha mara ya pili ni kazi ya kuumiza moyo, kwa sababu kwenye gari hili inatokea juu, kupitia ndani ya kabini, baada ya kung'oa sakafu na viti.

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo ningependa ulitafakari kuliko aina ya injini, nalo ni uwiano wa gia. Uwiano wa difu zako ni 4.7, na wa transfa yako kwenye mwendo wa juu ni karibu 1.15. Zidisha: kwa gia ya nne, injini inazunguka mara 5.4 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Kwa tairi za 7.50-16, kilomita 80 kwa saa ni karibu mizunguko 2900 kwa dakika, na kilomita 90 ni karibu 3300. Injini ya petroli ilivumilia. Tdi inatoa msokoto wake mkubwa kwenye mizunguko 1800 na mwisho wa nguvu zake ni 4000, hivyo utafika Kisumu masikio yanavuma na umechoma mafuta uliyotaka kuokoa. Ukiweka Tdi bila kugusa gia, umefanya nusu ya kazi.

Dawa nzuri kwa 109 ni ovadraivu ya Fairey, ile inayofungwa nyuma ya transfa. Inashusha mizunguko kwa zaidi ya moja ya tano: zile 2900 zinakuwa karibu 2300. Siku hizi hupatikana kwa wenye Land Rover zilizokufa, na kabla ya kulipa, fungua uangalie meno. Utaambiwa pia uweke difu za 3.54 za Range Rover. Kwa 88, ile fupi, ni ushauri mzuri. Kwako kuna kizuizi: 109 nyingi za miaka hiyo zina ekseli ya nyuma ya Salisbury, ambayo difu yake haitoki kwa mbele. Utaitambua kwa kifuniko chake cha nyuma kilichozungushiwa bolti. Ni ekseli imara sana, usiitupe. Kumbuka tu kwamba mbele na nyuma lazima ziwe na uwiano mmoja, la sivyo siku utakapoingiza fo-wili utavunja kitu.

Ukikosa 200Tdi, kuna 300Tdi, ambayo ni rahisi zaidi kuipata. Mimi ningeichukua ikiwa na giaboksi yake ya gia tano, R380, na transfa yake ya LT230, hasa ile ya Discovery yenye uwiano wa karibu 1.2. Ukibaki na difu zako za 4.7, kilomita 80 kwa gia ya tano itakuwa mizunguko 2400 hivi, bila ovadraivu. 109 ina urefu wa kutosha kwa seti hiyo, ingawa propela ya mbele itarefushwa, ya nyuma itafupishwa, na upau wa chasisi unaobeba giaboksi utahamishwa. Mtego uko kwenye LT230 yenyewe: inaendesha magurudumu yote manne wakati wote. Ekseli yako ya mbele inatumia viungo vya msalaba kwenye magurudumu, havizunguki kwa mwendo sawa unapokata kona, na usukani utakutetemekea mkononi hadi viungo viishe. Ukienda njia hii, ama utafute ekseli ya mbele yenye viungo vya CV, vinavyozunguka kwa mwendo sawa hata kwenye kona, ama transfa ifanyiwe mabadiliko ili iweze kuachilia mbele. Fundi anayekuuzia seti hiyo bila kulitaja jambo hili, mwulize. Na injini hiyo ikifika, badilisha taimingi belti na rola zake kabla ya kuiwasha, hata kama muuzaji anaapa kwamba ni mpya.

Breki. Tafadhali usiliache hili liwe la mwisho fedha zikibaki. Gari lako lina drami magurudumu yote manne. Kutoka Kericho hadi Ahero unashuka zaidi ya mita 800 na watoto wako wamekaa nyuma, na ukirudi kwa barabara kuu unaweza kujikuta unateremka Sachangwan kuelekea Salgaa, ambako malori mengi yamekosa breki. Drami zichongwe au zibadilishwe, silinda za magurudumu ziwe mpya, na mipira yote ya breki iwe mipya. Bora zaidi, mbele weka diski, kwa seti iliyotengenezwa kwa ajili ya Series. Bano la kushikilia kalipa lililochomelewa kwa makisio silikubali hata kidogo. Tena, busta yako ya breki inategemea mvuto wa hewa wa injini ya petroli. Injini ya dizeli haina mvuto huo, ndiyo maana Tdi ina pampu ya vakyumu. Hakikisha umeipewa na inafanya kazi, maana wauzaji huing'oa na kuiuza peke yake. Kwenye mteremko toa ovadraivu na ushuke na gia.

Kupoza injini: rejeta ya petroli iliyojaa kutu haitoshi. Weka ya Tdi pamoja na intakula yake, inayopoza hewa ya turbo. Hapa kwetu maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo kifuniko cha rejeta kisichoshika presha kinatosha kupasua hedi. Na fundi akitaka kutoa themostati ili injini isipate joto, mkatalie. Injini baridi inachakaa haraka na kula mafuta.

Tangi lioshwe petroli yote itoke, paipu ya kurudisha mafuta iongezwe, na weka chujio la kutenga maji. Tangu 2018 mafuta ya taa yanatozwa shilingi 18 kwa lita ili kuzuia kuchanganywa na dizeli, lakini dizeli ya mtungi kando ya barabara bado usiiamini. Pampu inalainishwa na dizeli yenyewe.

Kabla ya haya yote, pita chini ya gari na nyundo ndogo. Bodi ni ya alumini, haikuonyeshi kutu. Chasisi ni ya chuma na huoza kutoka ndani, hasa upau wa nyuma na mikono inayobeba ukuta wa kabini. Sauti ikiwa butu, fedha ya kwanza iende hapo.

Kuhusu sheria, kubadilisha injini kunaruhusiwa, lakini NTSA, mamlaka ya usafiri, lazima ijue. Unaomba mabadiliko ya maelezo ya gari kupitia eCitizen, gari linakaguliwa, na logbuku inaandikwa namba mpya ya injini, ujazo mpya na dizeli badala ya petroli. Mjulishe pia mwenye bima, kwa sababu ajali ikitokea na namba hazilingani, atakuwa na sababu ya kukataa kulipa. Logbuku ikiwa bado ni ya jina la mzee, maliza kwanza urithi na uhamisho. Na muuzaji akupe risiti na karatasi za forodha zenye namba ya injini. Pangusa grisi kwenye bloku, soma namba kwa macho yako, ilingane na karatasi, ndipo utoe fedha.