Maswali ya wasomaji: Wazee wetu wamechoka kuzunguka uwanja, wanataka makumbusho

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu niko Sinza, tuna kikundi cha wazee 14, wengi wanawake, mkubwa wetu ana miaka 78. Tulianza kwa kutembea tu asubuhi mara tatu kwa wiki, baadae tukaongeza darasa la jioni, tunasoma historia kidogo, mambo ya afya, na wengine wanajifunza simu janja. Sasa wamechoka kuzunguka uwanja ule ule kila siku. Nikawapeleka Makumbusho ya Taifa, kwa kweli haikwenda vizuri, ilipofika nusu wawili wakakaa kwenye ngazi wakasema wao basi, na wengine walikuwa wanasubiri tu tuondoke. Nilikosea wapi? Na naweza kuunganisha vipi matembezi na hilo darasa?

*Mwalimu mstaafu, Sinza*

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Swali lako limenigusa kwa sababu hata mi nimepita humo humo. Nilimpeleka mama na wenzake saba pale pale Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, tukaanza chumba cha kwanza tukasema tumalize vyote, yaani tumelipa kiingilio lazima tuone kila kitu, masaa mawili na nusu wazee wako wima. Mama aliniambia kwenye daladala tunarudi, "mwanangu nimeona vitu vingi sana ila sikumbuki hata kimoja."

Hapo ndo nilipojifunza. Kutembea mzee anaweza, wako wanatembea mara tatu kwa wiki wala hawalalamiki. Kinachomuua ni kule kusimama. Unasimama dakika tano, unasogea hatua mbili, unasimama tena, mgongo unauma na miguu inavimba, hata kijana hapo anachoka. Kwa hiyo Mwalimu, siku moja chagueni kitu kimoja tu. Kimoja! Mkione vizuri, mkae chini, mkiongelee, mwende zenu. Vingine vitawasubiri, havihami.

Na matembezi yaje kwanza, makumbusho mwishoni, usigeuze. Jua la Dar unalijua, ikifika saa nne lami inachemka. Asubuhi mapema mnatembea kukiwa na ubaridi, jua likianza kukaza nyie mnaingia ndani kwenye kivuli.

Njia niliyokuja kuipenda ni hii. Mnakutana Old Boma, kule Sokoine Drive karibu na zinapoondokea boti za Zanzibar, Jumamosi saa moja na nusu, saa mbili. Lile jengo lilijengwa 1866 hadi 1867 enzi za Sultani Majid bin Said, yule aliyekuja kujenga mji wake jirani na kijiji cha Mzizima akauita Dar es Salaam. Kuta za mawe ya matumbawe. Mwambie mzee aliyezaliwa pwani aziguse, atakwambia mwenyewe mawe yale yalikuwa yanachimbwa wapi na chokaa ilichomwaje, huhitaji hata kusoma popote. Alafu mnafuata barabara ya baharini, mnalipita kanisa la St. Joseph lililojengwa kati ya 1897 na 1902, mnafika Azania Front la Walutheri lenye vigae vyekundu, la 1898. Hapo msikae sana. Mnapandisha Azikiwe mpaka sanamu ya Askari.

Pale kwa Askari ndo pa kukaa. Watu tunapita kila siku tunasema "nishushe Askari" wala hatujiulizi ni askari gani. Ile sanamu ya shaba iliwekwa 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana Vita Kuu ya Kwanza, na kabla yake mahali hapo palikuwa na sanamu ya Mjerumani, Hermann von Wissmann, Waingereza walivyouchukua mji 1916 wakaiondoa. Na waliokufa hawakuwa wapiganaji peke yao, wapagazi walikufa wengi mno, kwa njaa na magonjwa na mizigo. Kikosi chao kwa Kiingereza kilikuwa kinaitwa Carrier Corps, na hapo ndo tulipolipata jina la Kariakoo. Nilivyowaeleza wale wazee, bibi mmoja akanyamaza muda mrefu, baadae akasema babu yake mzaa mama alichukuliwa kubeba mizigo ya vita na hakurudi, na nyumbani kwao hawakuwahi kujua alifia wapi. Kwa dakika kumi hivi hakuna aliyetaka kuondoka. Mi niliona somo la siku limeishia pale, makumbusho tungeweza hata kuacha.

Ila tuliendelea. Kutoka Askari unanyoosha Samora mpaka mwisho, miti inaanza, mnaikuta Bustani ya Mimea iliyoanzishwa na Wajerumani 1893, na makumbusho yenyewe hapo hapo jirani. Njia nzima ni kama kilomita moja na nusu hivi, kwa mwendo wa wazee na kusimama kwenu ipeni saa moja na zaidi. Pumzikeni bustanini kwanza, maji, ndizi, kila mtu akae, ndo muingie ndani.

Na ndani kile kitu kimoja mi nawashauri muanze na habari ya nyayo za Laetoli, kwenye mambo ya asili ya binadamu. Kwa nini hizo? Kwa sababu nyie ni watu wa kutembea! Timu ya mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey ilizikuta kule Laetoli, kusini mwa Olduvai, mwaka 1978, zina umri wa miaka kama milioni 3.6. Majivu ya volkano yalidondoka, mvua ikanyesha majivu yakawa kama saruji mbichi, viumbe wa kale wa jamii ya binadamu wakakatiza kwa miguu miwili, yakakauka, majivu mengine yakafunika juu. Ukiangalia unyayo wenyewe unaona kisigino kimeingia, na dole gumba limelala sambamba na vidole vingine, sio limejitenga kama la nyani. Yaani walikuwa wanatembea wima kama mama yako anavyotembea kwenda sokoni.

Sasa mkitoka, tafuteni mchanga au udongo laini, kila mzee akanyage, muangalie nyayo zake. Sisi tulifanya hivyo kwa mchezo tu, kumbe ni somo kubwa, mzee mmoja alama ya mguu wa kushoto ilikuwa imeburuza, haikukanyaga vizuri, na yeye mwenyewe alikuwa hajui kwamba anaburuza mguu. Akaenda hospitali kuangaliwa. Na vicheko vilikuwa vingi, kila mtu anataka kujua wa kwake unafananaje na wa miaka milioni tatu.

Siku nyingine mrudi kwa Zinjanthropus, lile fuvu la kale aliloliona Mary Leakey Olduvai tarehe 17 Julai 1959, lina miaka kama milioni 1.75. Siku nyingine magari ya viongozi, nayo yanavuta hadithi, kila mzee atakwambia alisimama wapi barabarani kumpungia Mwalimu Nyerere. Siku nyingine mambo ya Kilwa. Mna darasa la miezi hapo Mwalimu.

SWALI: Baba yangu ana miaka 71, ana presha na magoti yanamsumbua. Amesikia kuna wenzake wanafanya matembezi ya mjini anataka kujiunga, sisi watoto tunaogopa. Tumkataze?

*Binti wa Mbagala*

JIBU: Msimkataze dada, mpelekeni kwanza kwa daktari anayemtibu hiyo presha, mwambieni mpango ulivyo, kilomita ngapi na kwa mwendo gani, yeye ndo aseme. Ila mjue kwamba kukaa ndani nako kunamuumiza. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima, hata wa miaka 65 kwenda juu, wapate mazoezi ya wastani dakika 150 mpaka 300 kwa wiki, na wazee waongeze mazoezi ya kujenga misuli na ya kusimama imara wasianguke, siku tatu au zaidi kwa wiki. Anayeshindwa kufika huko afanye anachoweza, kidogo ni bora kuliko kukaa. Mwendo wa wastani unaupimaje? Mwongeleshe akiwa anatembea. Akiweza kuongea ila hawezi kuimba, hapo ni sawa. Akishindwa kumaliza sentensi, punguzeni mwendo. Akisikia kifua kinabana au kizunguzungu au jasho la baridi, hapo matembezi yameisha, ni hospitali.

Alafu hili naliomba kwa vikundi vyote, mtu wa mwendo wa pole kuliko wote AKAE MBELE. Tumezoea mambo ya joging ya Jumamosi, vijana wanatimka mbele wanaimba na wazee wanabaki nyuma wanakimbilia, mzee anaona haya kusema amechoka, anajilazimisha, anaanguka. Akiwa mbele yeye ndo spidi ya kundi, wengine wote wanamfuata. Nyuma kabisa awekwe kijana mwenye simu yenye chaji na salio, ahesabu watu kila mkivuka barabara.

Na barabara zetu zenyewe, jamani. Pembeni magari yamepaki mpaka juu ya njia ya waenda kwa miguu, mifuniko ya mitaro mingine haipo, bodaboda anakuja upande usiotegemea. Kwa hiyo lazima watu wawili wapite ile njia siku moja kabla, waangalie wapi pa kuvukia, wapi kuna benchi au kibaraza cha kukaa, na wapi kuna choo. Choo msikidharau. Wazee wengi, hasa wa presha wanaomeza vidonge vya kukojoa, hawatakwambia, wataacha tu kunywa maji tangu asubuhi ili wasihangaike, na kutembea juani bila maji ndo hatari yenyewe. Ukimwonyesha choo kilipo utamwona anakunywa. Raba zenye soli nzuri, sio kandambili, kofia au mtandio, fimbo kama anayo aje nayo asione haya. Mwenye sukari abebe kitu cha kutia mdomoni. Magoti kama yanauma, afanye nusu ya njia, aje na mwendokasi ashukie Posta ya Zamani, awakute wenzake pale kanisa la Azania Front. Bado ni mwanakikundi.

SWALI: Mimi naomba kuuliza, mama yangu hajui kusoma. Kule makumbusho maandishi yote yapo ukutani, na mengine Kiingereza. Atafaidi nini? Naogopa atajisikia vibaya mbele ya wenzake.

*Msomaji, Tabata*

JIBU: Mpeleke Kijiji cha Makumbusho, pale Kijitonyama, usianze na kule mjini. Pale hakuna haja ya kusoma, ni nyumba. Kuna nyumba za makabila mbalimbali zimejengwa kama zilivyokuwa, msonge wa Wahaya, tembe la Wagogo, za Wazaramo na wengine, ndani vitanda, vinu, vyungu, majiko. Mama yako akiingia pale mwenye kusoma ni yeye na nyie mtakuwa wanafunzi, atawaambia kile ni cha kuwekea nini na kwa nini mlango uko mfupi vile. Mnamuomba kila mzee achague kitu kimoja anachokijua akieleze, dakika tatu tu, kijana anarekodi kwenye simu. Na pale kutembea kumo humo ndani, nyumba mpaka nyumba chini ya miti, hakuna magari. Uliza siku za ngoma, mkiweza mwende siku hiyo.

Na kuhusu kujisikia vibaya, mkumbushe "Mtu ni Afya". Wazee wa umri wake wataikumbuka. Mwaka 1973, kampeni ya redio, watu wanakaa vikundi vijijini wanasikiliza kipindi pamoja, wanajadiliana, alafu wanainuka wanaenda kuchimba choo na kufyeka majani. Walishiriki watu kama milioni mbili, na wengi hawakuwa na madarasa ya kutosha, mmoja anayejua anasoma kijitabu kwa sauti, wengine wanasikiliza na kuuliza. Mfanye hivyo hivyo. Mtu mmoja mwenye sauti nzuri asome kibao kwa Kiswahili, kama kimeandikwa Kiingereza atafsiri papo hapo, na awasomee WOTE, asimsomee mama peke yake pembeni, hapo ndo atakapojisikia vibaya. Hata waliosoma watashukuru, nusu yao wameacha miwani nyumbani.

SWALI: Gharama je? Sisi kikundi chetu hatuna mfadhili.

*Mweka hazina, Magomeni*

JIBU: Kiingilio cha Watanzania ni cha chini kuliko cha wageni, pigeni simu mapema muulize bei ya siku hiyo na kama kuna nafuu ya kikundi, na ombeni hapo hapo mtu wa kuwaeleza, mseme ni wazee na mnataka kitu kimoja tu, wapange na viti. Kubwa ni nauli na chai. Wekeni kibubu, mkienda mara moja kwa mwezi mtu hataumia.

Ila nyie wa Magomeni mbona mna bahati, nyumba ya Mwalimu Nyerere aliyoishi enzi za kudai uhuru iko hapo hapo kwenu nayo ni makumbusho, mnaenda kwa miguu hata nauli hamhitaji. Hicho kibubu cha kwanza kitatosha chai na maandazi ya kurudi. Na kabla hamjaenda, ulizeni mtaani nani alikuwepo miaka ile, mzee wa namna hiyo akiwa bado ana nguvu mfuateni kwake mapema na bajaji, na kwenye kundi yeye ndo akae mbele.