Kitabu Nilichotahiniwa Kabla ya Kukimaliza

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linatutaka sisi wasomaji tueleze ni kitabu gani tumekimaliza hivi karibuni na tuna maoni gani juu yake. Neno "kukimaliza" limenisumbua kidogo, kwa sababu kitabu ninachotaka kukizungumzia nilikifanyia mtihani wa taifa mwaka 2014, nikapata alama za kuridhisha, ilhali sikuwa nimekimaliza. Nimekimaliza mwezi uliopita. Ni Kidagaa Kimemwozea, riwaya ya Ken Walibora iliyotoka mwaka 2012 na ambayo kwa miaka kadhaa ilikuwa kitabu teule katika shule za upili nchini Kenya.

Waliosoma shule wakati huo hawatashangaa. Swali la riwaya katika Karatasi ya Tatu, ile ya fasihi katika mtihani wa Kiswahili, lilikuwa na alama 20, na njia ya mkato ya kuzipata ilikuwa mwongozo, kile kijitabu chembamba kilichokupangia maudhui, wahusika na sifa zao, na mbinu za lugha, kila kimoja na mfano wake. Mwalimu wetu, ambaye kwa haki yake alikipenda kitabu chenyewe, alitusomea darasani sura za mwanzo kwa sauti, kisha muhula ukatuishia na tukakimbilia mwongozo. Nakala yangu, niliyoinunua ikiwa tayari imepita mikononi mwa mtu mwingine, inathibitisha hayo: kurasa za mwanzo zimejaa majina ya mbinu za lugha kwa kalamu ya risasi, "jazanda", "kinaya", "taswira", "swali la balagha", na kuanzia katikati hadi mwisho ni nyeupe kama siku zilipotoka kiwandani. Niliikuta Desemba iliyopita katika sanduku la mama, chini ya sare yangu ya shule, nikarudi nayo kazini.

Kazi yangu ni uuguzi, na nalitaja hilo mapema kwa sababu ndilo lililobadilisha usomaji wangu wote.

Kwa wasiokijua kitabu, Amani na Imani ni vijana wawili waliodhulumiwa, ambao wanakutana kando ya Mto Kiberenge, mto ambao wenyeji wa Sokomoko hawayanywi maji yake kwa sababu ya itikadi ya tangu zamani. Wao wanayanywa. Huko Sokomoko Amani anaajiriwa kuchunga ng'ombe wa Mtemi Nasaba Bora, mtawala aliyejitajirisha kwa ardhi za watu, na Imani anapata kazi katika nyumba ya Mwalimu Majisifu, nduguye Mtemi, ya kuwatunza watoto wake wenye ulemavu. Kisha mtoto mchanga anaachwa penye kibanda cha Amani. Wanamlea pamoja na kumpa jina la Uhuru. Mtoto anaugua, wanamkimbiza hospitalini, wauguzi wanawapuuza, naye anafariki dunia; na badala ya waliompuuza kuulizwa, ni hao vijana wawili wanaokamatwa. Baba wa mtoto huyo, kama tunavyokuja kujua, ni Mtemi mwenyewe.

Nilipokuwa Kidato cha Nne niliweza kukuandikia ukurasa mzima juu ya tukio hilo bila kupumua: Uhuru amefia mikononi mwa Amani na Imani, yaani nchi ilipata uhuru na watawala wakautupa mlangoni pa maskini, na maskini hao hawakusaidiwa kuulea. Jibu hilo ni sahihi na bado nalikubali, kwani mwandishi mwenyewe hakulificha. Alituwekea majina waziwazi ili hata mvivu wa darasa asipotee. Lakini kulijibu swali kwa namna hiyo kulinifanya nimtazame mtoto yule kama fumbo la kufumbuliwa tu. Sikuwahi kujiuliza alikuwa na homa ya kiasi gani, alikuwa amekataa kunyonya tangu lini, wala mtoto mchanga anaweza kuhimili saa ngapi katika hali hiyo kabla hajalegea. Safari hii nilijiuliza, kwa sababu siku hizi ndiyo maswali ninayomwuliza mama yeyote anayeingia mlangoni na mtoto mgongoni.

Nikaudhika. Niliudhika kwanza na wale wauguzi, kama mwandishi alivyokusudia, kisha, baada ya kurudi nyuma kurasa mbili na kusoma tena, nikamwudhikia mwandishi. Nilijiunga na chuo cha uuguzi mwaka uliofuata baada ya mtihani, na mwaka 2017, nikiwa bado mwanafunzi, wauguzi wa hospitali za umma nchini walikuwa katika mgomo uliochukua takriban miezi mitano. Tuliokuwa mafunzoni tuliona wodi zikifungwa na wagonjwa wakirudishwa nyumbani, tukasikia redioni tukiitwa wauaji, na tukasikia pia katika vyumba vya chai hesabu za mishahara na za idadi ya wagonjwa kwa muuguzi mmoja ambazo redio haikuzisoma. Tangu hapo siwezi kusoma habari ya muuguzi asiyejali bila kutaka kujua zamu yake ilianza saa ngapi na alikuwa na nani. Riwaya hii hainiambii. Wauguzi wa Sokomoko wapo kwa ajili ya kuwa waovu kwa muda wa kutosha mtoto afe, halafu wanaondoka jukwaani.

Pembeni mwa ukurasa huo yule mwenye nakala kabla yangu ameandika kwa herufi kubwa, "UOZO WA JAMII". Chini yake nimeongeza kwa wino, "Walikuwa wangapi zamu hiyo?"

Nilimpa dada mmoja tunayefanya naye kazi, aliyenitangulia kazini kwa zaidi ya miaka ishirini, asome sura hiyo peke yake. Alinirudishia kitabu kesho yake akasema hana neno la kumwongezea mwandishi, kwamba wauguzi wa namna hiyo amewaona, amekula nao chakula cha mchana, na kwamba idadi ya wagonjwa haijawahi kumfunga mtu mdomo asimwambie mama, "Nimekuona, nakuja." Nilitaka kubishana naye, nikakumbuka usiku mmoja, katika hospitali ambayo sitaitaja, tulipokuwa wawili katika wodi iliyojaa hadi watoto wakalazwa wawili wawili. Mama mmoja alikuja mezani mara tatu kunieleza kuwa mwanawe anapumua vibaya. Mara zote tatu nilimjibu, "Subiri kidogo, mama," na mara ya tatu sikuinua kichwa. Mtoto alipona, nashukuru, alitibiwa na mwenzangu. Lakini mama huyo akiamua siku moja kuandika riwaya, hataandika kwamba tulikuwa wawili. Ataandika kichwa kisichoinuliwa, na atakuwa amesema kweli.

Kwa hiyo lawama yangu kwa Walibora imebaki, ila imepungua ukali. Sidai kwamba alisema uongo juu yetu. Ninachosema ni kwamba alitutazama akiwa amesimama upande wa benchi la wagonjwa, akatuacha tulivyoonekana kutoka hapo. Nadai hivyo kwa ujasiri kwa kuwa katika kitabu hichohicho kuna mkosaji mwingine ambaye hakumtazama kutoka nje hata kidogo, naye ni Mwalimu Majisifu.

Huyu ndiye niliyempuuza kuliko wote nilipokuwa mwanafunzi. Mwongozo ulimpa orodha ya sifa: mlevi, mwenye majivuno, mpuuzaji wa kazi, mwizi wa kazi za watu. Zote ni za kweli. Anafika darasani akinuka pombe, au hafiki. Watoto wake wenye ulemavu anawaonea haya, na mkewe, Dora, ndiye anayebeba mzigo wa nyumba pamoja na Imani. Sifa zake mbele za watu zinatokana na kitabu ambacho hakukiandika. Mswada ulikuwa wa Amani. Majisifu aliupata, akauchapisha kwa jina lake, na jina la kitabu hicho cha wizi ni lilelile la kitabu unachokishika mkononi. Nilipokuwa mwanafunzi nadhani niliandika "kinaya" nikasonga mbele. Sasa nilifunga kitabu nikatazama jalada kwa muda, kwa sababu mwandishi amefanya jambo ambalo waandishi wengi hawathubutu, la kumpa mwizi wa ndani ya hadithi kitabu chake mwenyewe.

Na anapofika kwenye anguko la Majisifu, lugha ya Walibora inabadilika. Kwingineko katika riwaya methali zinakufuata kama mvua ya masika, nyingine zikiwa za lazima na nyingine, kwa maoni yangu, zikiwa ni za kumfurahisha mtahini. Katika sehemu ya Majisifu zinanyamaza kiasi. Anaalikwa kwenda kuhutubia Chuo Kikuu cha Wangwani kama mwandishi mashuhuri. Wasikilizaji wanamwuliza maswali juu ya kitabu ambacho hakukitunga, na hatimaye anakiri hadharani kwamba si chake. Mtu anayejua jinsi inavyokuwa kuvaa cheo ambacho hujakistahili, na kusubiri kila siku nani atakugundua, atatambua kwamba sura hiyo imeandikwa na mtu aliyeijua hofu ya mwandishi, hata kama hakuwahi kuiba sentensi. Nilimchukia Majisifu tangu mwanzo wa kitabu, na pale ukumbini nikataka mtu amletee maji ya kunywa.

Hapo ndipo ninapoona uwezo wa riwaya hii na mipaka yake kwa pamoja. Mkosaji aliyepewa nafasi ya kuogopa anakuwa mtu, na anaweza hata kubadilika, kama Majisifu anavyobadilika kwa mkewe na kwa watoto wake. Mkosaji asiyepewa nafasi hiyo anabaki kuwa jina la kimajazi, jina linalotaja sifa yake tu. Mtemi Nasaba Bora ana kurasa nyingi kuliko nduguye, ana ardhi, ana nyumba, ana mke aliyechoka kumsubiri usiku, ana msichana wa shule ambaye maisha yake aliyaharibu, na bado nilipomaliza sikuweza kumwona uso. Pengine watawala wa aina yake ndivyo walivyo, na Walibora alijua kwamba sisi raia hatupewi fursa ya kuwaona kwa karibu. Napenda kuamini hivyo, ingawa nashuku kwamba alimchoka tu.

Imani naye ananisikitisha kwa sababu nyingine. Anawaosha, anawalisha na kuwabembeleza watoto wa Majisifu kurasa baada ya kurasa, na hata mara moja hatukuti amekasirika kwa uchovu. Mimi huifanya kazi hiyo kwa mshahara, na kwa zamu yenye mwisho, na bado kuna jioni ambazo nikifika nyumbani sitaki mtu yeyote aniguse wala kuniita. Kumnyima mhusika uchovu wake kwa sababu tu ni mwema ni kumdhulumu mara ya pili, na Imani alikwisha kudhulumiwa vya kutosha kabla hajafika Kiberenge.

Mtanisamehe nikiongeza neno juu ya jina la kitabu, kwa kuwa tulifundishwa kulikariri kama nahau isiyo na harufu. Mtu akiozewa na kidagaa, mambo yamemwendea kombo na hawezi tena kuyadhibiti. Anayeishi huku magharibi mwa Kenya, ambako tunakula omena, yaani dagaa, karibu kila juma, anajua pia kwamba kidagaa ni samaki mdogo mno hata ukadhani akioza hapatakuwa na shida kubwa. Ifungue karatasi aliyofungiwa siku ya tatu. Madhambi ya Mtemi mengi yanaanza yakiwa na ukubwa huohuo, hati moja ya shamba, usiku mmoja nje ya nyumba, na mwandishi anayaweka palepale kwenye joto hadi kijiji kizima kinaziba pua. Katika kurasa zile nyeupe za mwisho, ambazo sikuwahi kuzifungua nikiwa mwanafunzi, harufu hiyo inafika mbali zaidi ya mwongozo ulivyoniambia, ingawa mambo yanafungamana upesi mno kwa ladha yangu na kila mwenye haki anapewa haki yake kana kwamba kengele ya kumaliza mtihani imekaribia kulia.

Walibora aligongwa na matatu jijini Nairobi Aprili 2020 akafariki dunia. Nakumbuka habari zilipotufikia tulikuwa katika mafunzo ya kuvaa na kuvua mavazi ya kujikinga na korona, na mwenzangu mmoja akasema, "Si huyu ndiye aliyetupa zile alama 20?" Tukacheka kidogo, kisha tukanyamaza. Sikujua wakati huo kwamba nilikuwa na deni la nusu ya kitabu chake.

Mpwa wangu wa Kidato cha Tatu, ambaye sasa anasoma riwaya teule nyingine, aliniona nikimaliza ukurasa wa mwisho akaniuliza kama hiyo bado inatahiniwa. Nilipomwambia haitahiniwi tena, aliniuliza basi naisomea nini, nami nikampa kitabu asome ile sura ya ukumbini, Majisifu akiulizwa maswali. Bado anacho. Jana nilikuta kwenye meza yake kalamu ya risasi imewekwa katikati ya kurasa, na sijathubutu kufungua nione kama ameandika "kinaya".